Chumvi ya Zambarau

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mwaka tisini na sita, askari wa pori la akiba aliyeitwa Constantine alifika nyumbani kwa bibi shamba akisukuma baiskeli yenye gunia kwenye keria. Hakulifungua. Kwanza aliuliza kama mwenye nyumba yupo. Felisita, bibi shamba, alimwambia kwamba Mayu Nyanjige, mama aliyempangisha chumba, ameshatoka na ng'ombe, na kwamba hapo uani wapo wao wawili na kuku tu. Constantine hakutosheka. Alizunguka ua wa minyaa, akachungulia nyuma ya ghala, ndipo akarudi na kufungua kamba.

Ndani ya gunia mlikuwa na tumbusi. Felisita alikuwa amewaona ndege hao angani maisha yake yote, lakini hakuwahi kujua ukubwa wao. Bawa moja lilipokunjuka lilifika mpaka kwenye kizingiti cha jiko. Constantine alikuwa amempasua koo kwa kisu. Katikati ya vipande vya nyama mlikuwa na chengachenga ndogo kama mchanga wa mtoni, za rangi ya zambarau.

"Wewe umesomea dawa," alisema Constantine. "Hizi ni nini?"

Felisita alizijua pale pale. Hakujibu haraka kwa sababu hakujua askari huyu atalipeleka wapi jibu lake. Kijiji cha Mwakidulu kilipakana na pori la akiba, na kati ya askari wa pori na watu wa kijiji hapakuwa na maelewano. Ng'ombe akivuka mpaka kufuata majani, mwenyewe alitozwa faini. Mwaka uliotangulia askari walikuja kupaka upya rangi nyeupe kwenye mawe ya mpaka, na hadi siku hiyo wapo watu walioapa kwamba mawe hayo yalisogezwa.

Mwishowe alisema ni dawa ya kuua wadudu wanaotoboa mashina ya mahindi na mpunga, na kwamba anataka kuona mahali ndege huyo alipookotwa.

Walikwenda pamoja, mwendo wa saa moja na nusu kuelekea Mto Duma. Kabla hawajafika walisikia harufu. Mzoga ulikuwa wa ng'ombe mwekundu, mtamba, ameliwa upande wa nyuma, na kuuzunguka walikuwa wamelala tumbusi, wengine wametandaza mabawa, wengine wamejikunja, na wengine wamekufa wakiwa bado wanajikokota kuelekea majini. Constantine alikuwa ameshawahesabu. Arobaini na watatu. Fisi alikuwa mmoja tu, na mbweha wawili.

Alimweleza Felisita mambo ambayo yeye, pamoja na masomo yake ya chuo cha kilimo cha Ukiriguru, hakuwahi kuyafikiria. Tumbusi hutaga yai moja tu kwa mwaka, na kinda lake huchukua miaka kadhaa kabla halijaanza kutaga lenyewe. Alipoanza kazi, mwaka themanini na tatu, nyumbu akifa asubuhi, mchana unakuta mifupa mitupu. Sasa mzoga unaoza siku tatu na nzi wanatapakaa, na kimeta kikiingia hapo, ng'ombe wa kijiji watakuwa wa kwanza kukipata. Alisema akiondoa hawa arobaini na watatu, hajui kama upande huu wa mto wamebaki hata ishirini.

Kisha akamwonyesha kichwa cha yule mtamba. Masikio yote mawili yalikuwa yamekatwa kwa kisu, na kwenye paja la mbele, mahali pa alama ya chuma ya mwenye ng'ombe, ngozi ilikuwa imebanduliwa.

"Aliyefanya hivi hakuwa anamwogopa fisi," alisema Constantine. "Alikuwa ananiogopa mimi."

Felisita alichuchumaa pale muda mrefu. Kulikuwa na kitu kwenye rangi ya ngozi ya yule mtamba ambacho hakukipenda, lakini ng'ombe wekundu wapo kila zizi la Usukuma, na akaliacha wazo hilo lipite.

Siku ya pili alipanda gari la mizigo kwenda Bariadi mjini. Alikuwa na mtu wa kumshuku. Zamani za ushirika dawa zote zilikuja kwa lori la chama, kwenye makopo yenye maandishi na picha ya fuvu, na mtunza ghala alizitoa kwa orodha. Soko lilipofunguliwa, lori likakoma. Waliokuja ni watu wenye maduka, na dawa ilikuja nao kutoka kusikojulikana, ndani ya magunia yasiyo na jina, ikauzwa kwa kikombe kama karanga. Chengachenga zile za zambarau ziliingia namna hiyo. Watu wakaziita chumvi ya zambarau, na kwa kweli zilifungwa kwenye karatasi za nailoni kama chumvi.

Muuzaji mkubwa alikuwa Januarius, ambaye zamani ndiye aliyekuwa mtunza ghala wa chama. Alimkaribisha Felisita vizuri, akamtolea kiti na soda. Felisita aliona gunia lililofunguliwa pembeni mwa mchele, kikombe cha plastiki kikiwa kimechomekwa ndani. Alimwuliza dawa hiyo imesajiliwa na nani. Januarius alisema mwenye kujua ni aliyemwuzia yeye, mtu wa Mwanza. Felisita alimwuliza anawauzia kina nani wakati huu, mwezi wa tatu, na hakuna mtu anayepanda. Januarius akacheka kidogo, akafuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

"Watu wa kwako," alisema. "Na kila anayeiulizia anasema habari zake amezisikia kwako."

Felisita alisema huo ni uongo. Januarius hakubishana. Alisema tu kwamba kama bibi shamba anataka kuandika barua wilayani, basi na aandike na hilo pia. Njia nzima ya kurudi maneno hayo yalimkaa Felisita rohoni kama kibanzi. Hakuwahi kumtuma mtu yeyote kwa Januarius. Aliwaza kwamba mtu huyu anamtisha, na akazidi kuamini kwamba ana la kuficha.

Kijijini aliporudi, habari zilikuwa zimemtangulia. Mwenyekiti wa kijiji, Mayunga, ambaye pia ndiye aliyekuwa kiongozi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, alimwita ofisini. Mayunga alikuwa mtu mzito, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote Mwakidulu, na aliongea polepole. Alimwuliza kwa nini alikwenda porini na askari. Felisita alimweleza habari za tumbusi. Mayunga alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza tangu lini serikali inalia msiba wa tumbusi. Mwaka jana walikuja na rangi nyeupe, alisema, mwaka huu wamekuja na ndege. Mwakani watakuja na tingatinga. Watu wake wanaona hivyo, alisema, na yeye hajui awajibu nini.

Kuanzia siku hiyo Felisita aliona watu wakibadilika. Akifika shambani kwa mtu kukagua pamba, mwenye shamba anakuwa ametoka. Kisimani wanawake walimsalimia, mwangaluka, na yeye akaitikia, lakini maneno yaliishia hapo. Mtu mmoja, hakumjua nani, alitoa upepo kwenye magurudumu yote mawili ya baiskeli yake, yeye akiwa ndani ya ofisi ya kata. Naye akaanza kuwatazama watu kwa namna ambayo hakuipenda. Kila aliyebeba mkononi mfuko mdogo wa nailoni, alitamani kujua kuna nini ndani. Alikuwa ameishi kijijini hapo miaka minne, na sasa alijikuta akihesabu ng'ombe wekundu kwenye mazizi ya watu.

Wiki moja baadaye mbwa watatu walikufa siku moja, upande wa mashariki wa kijiji. Walitokwa na povu, wakatetemeka, wakafa. Hapo minong'ono ikageuka. Mambo ya mawe ya mpaka yaliwekwa kando. Watu walianza kusema kuna mtu anayemwaga sumu, na leo ni mbwa, kesho ni kisima. Na neno sumu, katika nchi ile na miaka ile, halikukaa muda mrefu bila kutafutiwa mwanamke mzee wa kuvishwa.

Mayunga alikuja mwenyewe nyumbani mchana, Nyanjige akiwa machungani. Hakukaa. Alisimama mlangoni pa zizi, akatazama ndani, ingawa halikuwa na kitu.

"Huyu mama unayeishi kwake," alisema, "ng'ombe wake ni wangapi?"

Felisita alisema ni watano.

"Mhesabie leo jioni," alisema Mayunga, na akaondoka.

Nyanjige alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu. Binti yake wa pekee aliolewa Binza, kule Maswa. Alichunga ng'ombe wake mwenyewe, alilima mwenyewe, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi aliyopikia, jambo ambalo wanawake wote wa umri wake walikuwa nalo, na ambalo uvumi uliligeuza kuwa dalili ya uchawi. Siku Felisita alipohamishiwa Mwakidulu na hakuna mtu aliyetaka kumpangisha mwanamke asiye na mume, Nyanjige ndiye aliyempa chumba. Akiumwa, Nyanjige ndiye aliyemkorogea uji.

Jioni ile ng'ombe waliingia zizini. Walikuwa wanne. Yule mtamba mwekundu, aliyekuwa na mimba ya kwanza, hakuwepo. Felisita alijaribu kukumbuka alimwona lini mara ya mwisho na akashindwa, na hapo akajua kwamba pale mtoni, alipochuchumaa karibu na mzoga, alikuwa ameshamtambua, ila hakutaka.

Kesho yake, mwenyeji wake alipotoka, alifanya jambo ambalo aliliona aibu hata wakati anapolifanya. Aliingia ghalani akapekua. Nyuma ya mtungi wa mbegu za mtama alikuta kopo la ugoro. Alilifungua. Lilikuwa limebaki robo, na chengachenga zilikuwa za zambarau.

Alilirudisha mahali pake, akaketi jikoni akangoja. Nyanjige aliporudi na kumwona amekaa hivyo, kabla hata hajaulizwa, aliegesha fimbo yake ukutani na kukaa chini karibu naye.

"Umeliona kopo," alisema.

"Nimeliona, mayu."

Nyanjige alieleza kwa Kisukuma, bila kupandisha sauti. Majani yalikuwa yamekwisha upande wa kijiji, akavusha ng'ombe kwenye mpaka wa pori. Yule mtamba alishikwa na uchungu porini. Fisi walimkuta amelala, anazaa, hawezi kusimama. Walikula ndama akiwa hajatoka wote, wakaendelea na mama yake, na Nyanjige akapiga kelele na kurusha mawe mpaka sauti ikamkauka. Angekwenda kwa nani? Angemwambia askari, swali la kwanza lingekuwa ng'ombe alikuwa upande gani wa jiwe. Angemwambia Mayunga, habari zingefika kwa askari. Alirudi nyumbani, akachukua chumvi ya zambarau iliyobaki kwenye mahindi, akaenda tena mtoni, akakata masikio, akabandua alama, akamwaga.

Felisita alimwuliza alijuaje kwamba dawa ile itaua fisi.

Nyanjige alimtazama kwa mshangao wa kweli.

"Si wewe uliyesema, ng'wanawane?" Ndivyo alivyomwita siku zote, mwanangu.

Ndipo Felisita alipokumbuka. Mwezi wa kumi na moja, kabla ya kupanda, aliwakusanya watu kwenye uwanja wa shule kuwafundisha hatari za dawa hiyo mpya. Alitaka waiogope. Aliinua punje moja kwa vidole viwili, akawaambia kwamba ndege akiokota hii anakufa papo hapo, na kiganja kimoja kinatosha kuua mnyama mzima. Watu walikaa kimya kabisa. Jioni ile alijisifu moyoni kwamba hajawahi kuwa na darasa lililosikiliza vizuri namna ile. Na Januarius hakuwa amesema uongo.

"Na mbwa?" aliuliza.

Nyanjige alisema yeye hajui lolote kuhusu mbwa hao. Alimwaga dawa siku ile moja tu, na kilichobaki ndicho hicho kilichomo koponi. Alisema pia kwamba hakuwa amewafikiria tumbusi hata kidogo. Alipowaona siku ya pili wakishuka mmoja mmoja, alijaribu kuwafukuza kwa nguo, lakini walikuwa wengi.

Felisita hakulala vizuri siku zile. Constantine alikuja mara mbili kudai jina. Alisema mkubwa wake anataka mtu wa kufikisha mahakamani Bariadi, na kwamba mtu mmoja akifungwa, wengine wataogopa. Felisita alimwambia kwamba chumvi inauzwa kwa kikombe mjini, na akifungwa mmoja leo, kikombe bado kipo. Constantine aligeuka kumtazama.

"Unamjua," alisema.

Felisita alijibu kwamba anachokijua ni dawa. Aliona kwamba hakuaminiwa, na alielewa kwa nini.

Mayunga naye alituma ujumbe kwamba Jumamosi kuna mkutano wa kijiji, na sungusungu watakuwepo, na mwenye kujua lolote ataombwa aseme. Felisita alijua mkutano wa namna hiyo unavyokwenda. Akimtaja Nyanjige kwa ajili ya mzoga wa porini, watu watasikia mbwa, watasikia kisima, watasikia kila mtoto aliyewahi kufa kwa homa. Askari angemfunga miezi sita. Majirani wangefanya jambo lisilo na rufaa. Alimsihi Nyanjige apande gari aende Binza kwa binti yake kabla ya Jumamosi. Nyanjige alikataa. Alisema anayekimbia amekwisha kujitaja.

Jumamosi saa nne watu walijaa uwanja wa shule. Sungusungu walisimama nyuma na mishale yao. Constantine alikuwepo pia, peke yake, baiskeli ikiwa imeegemea ukuta wa darasa. Mayunga alifungua mkutano kwa kusema kijiji kimeingiwa na mtu wa sumu, na leo atajulikana. Wazee wawili walisema maneno yao, na macho ya watu yalianza kwenda upande alipokaa Nyanjige, yakirudi, yakienda tena.

Felisita aliomba kusema.

Aliwaambia kwamba mtu aliyekifundisha kijiji kuua kwa chumvi ya zambarau yupo, na ni yeye. Aliwakumbusha somo la mwezi wa kumi na moja, hapo hapo waliposimama. Wengine walitazama chini. Alisema kabla hajatafutwa mtu mmoja, ijulikane kwanza dawa hiyo ipo wapi. Kila nyumba iliyo nayo, ndogo au kubwa, iilete kwenye ghala la zamani la ushirika kabla jua halijazama, na anayeleta asiulizwe kitu, si na mwenyekiti, si na askari. Baada ya hapo, kama bado watu watataka kutafuta, watafute.

Constantine alitikisa kichwa. Mayunga akasema hakuna ubaya katika kuangalia.

Saa ya kwanza hakuja mtu. Felisita alikaa mlangoni pa ghala na ndoo mbili za bati zenye vifuniko, amefunga kitambaa puani na mifuko ya nailoni mikononi. Kisha Nyanjige alitokea, akitembea katikati ya njia mbele ya watu wote, kopo la ugoro mkononi. Alilikabidhi, akarudi alikotoka. Watu waliokuwa wamesimama pembeni walimtazama, halafu wakatazamana wenyewe kwa wenyewe.

Mwanamke mmoja aliingia nyumbani kwake, akatoka na fundo la kitambaa. Mzee aliyesema asubuhi kwamba sumu ni kazi ya wanawake alileta chupa. Katekista alileta. Mke wa mwalimu mkuu alileta mfuko na kusema ulikuwa chini ya kitanda, na hakujua kama ni hatari kuulalia. Walikuja wakiwa wameinamisha nyuso, na kila aliyeleta aligeuka kuona nani anafuata. Mpaka saa kumi na moja nyumba thelathini na moja zilikuwa zimeleta. Kati yao wengi hawakuwa na mpunga, na msimu wa kupanda mahindi ulikuwa umekwisha miezi mingi iliyopita. Hakuna aliyeuliza walikuwa wameiweka ya nini.

Wa mwisho alikuwa Mayunga. Hakutuma mtu. Alikuja mwenyewe na mfuko wa kilo mbili, uliofunguliwa juu na kupungua zaidi ya nusu. Ulikuwa mkubwa kuliko ya wengine wote. Aliuweka chini mbele ya Felisita na kuutazama badala ya kumtazama yeye.

"Nina ng'ombe wengi," alisema.

Felisita aliufunga mfuko na kuuweka kwenye ndoo. Alikumbuka kwamba wale mbwa watatu walikufa upande wa mashariki, ambako ndiko lilikokuwa zizi la Mayunga. Alifunika ndoo. Tangu jioni hiyo hakuna aliyetaka tena mtu wa sumu atafutwe, maana angeweza kuwa yeyote, na sungusungu walirudi kwenye kazi yao ya kufuata ng'ombe walioibwa.

Wiki iliyofuata Felisita alikaa na kamati ya kijiji kuandika sheria ndogo. Hakuna dawa itakayoingia kijijini nje ya chombo chake chenye maandishi. Chumvi ya zambarau itatunzwa ghalani kwa kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mwenyekiti na mwingine kwa bibi shamba, na itatolewa wakati wa kupanda tu, kwa kipimo cha shamba la mtu. Atakayeweka dawa kwenye mzoga atatoa dume mmoja wa ng'ombe. Hayo yalipita kirahisi. Lililowapa shida ni lile Felisita alilolisisitiza mwenyewe, kwamba mtu ambaye mnyama wake ameliwa na fisi au simba apewe siku mbili za kutoa taarifa bila kuulizwa mnyama alikuwa upande gani wa mpaka. Constantine alisema akikubali hilo, kila mchungaji atakuwa na fisi wake. Felisita alimwambia kwamba masikio ya yule mtamba yalikatwa kwa sababu ya faini, na bila faini angeletewa habari siku ile ile, na tumbusi wangekuwa hai. Constantine alipeleka neno hilo kwa mkubwa wake, na likarudi likiwa limekubaliwa kwa mwaka mmoja wa majaribio.

Halmashauri ilikaa na ile sheria ndogo karibu miaka miwili kabla ya kuipiga muhuri. Wakati huo wote kijiji kiliitumia bila muhuri. Barua ya Felisita kuhusu duka la Januarius ilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Siku wakaguzi walipofika mjini hawakukuta gunia, na muda mfupi baadaye Januarius alihamisha biashara yake, wengine walisema Nassa, wengine walisema Magu. Zile ndoo mbili zilibaki ghalani mpaka lori la kukusanya dawa mbovu lilipopita, na kila wiki Felisita alikwenda kuangalia kama kufuli zote mbili zipo.

Mwezi wa sita fisi walirudi na kuchukua mbuzi wa Nyanjige. Safari hii alikwenda kwa Constantine mwenyewe. Askari aliandika taarifa, na alipomaliza alimwuliza, kama kwa bahati, kama hakuwahi kuwa na mtamba mwekundu. Nyanjige alisema alikuwa naye, akafa wakati wa kuzaa. Constantine alifunga daftari. Siku chache baadaye alikuja na panga, na wao watatu walifanya kazi kutwa nzima wakikata miiba na kuizungushia zizi tabaka mbili, mpaka mikono ya Felisita ikashindwa kushika kikombe. Hakuna aliyelitaja tena suala la mtamba. Lakini Constantine hakumwamini tena Felisita kama siku ile alipomletea gunia. Alimletea habari za kazi tu, kwamba kiangazi kile kwenye mzoga wa nyumbu karibu na Duma alihesabu tumbusi kumi na mmoja, na mwaka uliofuata kumi na sita, na akaondoka bila kukaa.

Mwaka tisini na nane Felisita alihamishiwa Maswa. Nyanjige alimfungia mtama na kuku wawili, akalia kidogo, akamkumbusha ampelekee salamu binti yake wa Binza. Mayunga alimsindikiza mpaka barabarani kungoja gari, akimbebea begi. Gari lilipoonekana kwa mbali na vumbi lake, Mayunga aliweka begi chini.

"Yule wa mzoga wa mtoni," alisema. "Ulimjua?"

"Sikumjua, mwenyekiti," alisema Felisita. "Na wale mbwa?"

Mayunga alitazama barabara.

"Hao hawakujulikana," alisema. Akanyoosha mkono kusimamisha gari.